Lafudhi ya Githongo si aibu: Somo kutoka kwa nyota wa Hollywood

Mapema katika muhula wa kwanza uliopita nilialikwa na walimu wa shule moja iliyo karibu na soko la Githongo, huku kwetu Imenti ya Kati, nizungumze na wanafunzi wa chama cha uigizaji. Walikuwa wakiandaa filamu fupi kwa ajili ya tamasha la drama na filamu la shule, na walitaka mtu wa isimu awanyoshe ndimi. Neno hilo la kunyosha si langu. Ndilo lililoandikwa katika barua ya mwaliko.

Hadithi iliyoshinda zote ilikuwa imeandikwa na msichana wa kidato cha tatu. Ilihusu nyanya anayechuma majani chai mteremkoni, akihesabu miezi hadi siku ya bonasi ili mjukuu wake arudi shuleni. Ilikuwa hadithi ya kweli, yenye matope, baridi na ukungu wa Mlima Kenya ndani yake. Nilipomwuliza mwandishi wake iwapo ndiye atakayeigiza sehemu ya mjukuu, alitikisa kichwa. "Mwarimu, mimi niandike tu, wengine waseme. Sauti yangu ina Kimeru kingi." Alipotamka "mwarimu" wenzake waliangua kicheko. Sehemu hiyo alikuwa amekwisha kupewa mwenziwe ambaye, niliambiwa, husema kama watu wa redio.

Kicheko kile nilikitambua. Mimi pia nilisoma katika shule ambako kibao kilitundikwa shingoni mwa mtoto aliyenaswa akisema lugha ya mama yake, na kibao kikazunguka darasani kutwa nzima kikitafuta shingo nyingine. Siku niliyosoma kwa sauti mbele ya darasa na kumwita mwalimu "mwarimu", nilichekwa mpaka kengele ikalia. Kwa miaka miwili iliyofuata sikuinua mkono kujibu swali lolote. Leo ninayo shahada ya uzamifu katika taaluma ya lugha, na bado kuna siku ninapopanda jukwaani nikauhisi uzito wa kile kibao.

Sikumjibu yule msichana kwa nadharia. Nilimsimulia habari za sinema, na ningependa kuzisimulia tena hapa kwa ajili ya walimu na wanafunzi wanaosoma safu hii.

Mara ya kwanza kuiona Hollywood nilikuwa mtoto, usiku, katika uwanja wa soko. Gari la sinema lilifika na jenereta yake, shuka jeupe likatandazwa baina ya nguzo mbili, na baada ya matangazo ya sabuni na majani chai akatokea mzungu asiye na shati akirukia mizabibu ya msituni. Huyo alikuwa Johnny Weissmuller, muogeleaji aliyetwaa medali 5 za dhahabu katika Michezo ya Olimpiki ya 1924 na 1928 kabla ya kuwa Tarzan mwaka 1932. Kila alipomwamuru ndovu, alisema neno moja: "Umgawa!" Sisi watoto tulilijadili neno hilo kwa juma zima. Wengine walisema ni Kiswahili cha pwani. Mzee mmoja, aliyekuwa ametembea sana, alituhakikishia kwamba ni lugha ya watu walio mbali kidogo kupita Tharaka. Ilinichukua miaka mingi kujua kwamba si lugha ya mtu yeyote. Lilibuniwa kwa ajili ya filamu tu, ili Afrika isikike kama Afrika kwa watu wasiowahi kuisikia.

Hata hivyo sitawadanganya wasomaji kwamba tulichukizwa. Tulifurahi kupita kiasi. Hapo ndipo penye utata wa jambo hili. Filamu zile zilitupotosha kuhusu sisi wenyewe, na papo hapo zilitufunza kukaa kimya mbele ya uso wa binadamu uliokuzwa na mwanga. Mtu anayetaka kuzijadili kwa haki hana budi kuyashika yote mawili.

Turudi basi kwenye suala la sauti. Hollywood ilikuwa bubu hadi miaka ya 1920. Mwigizaji alihitaji macho, mikono na mwili. Hakuna aliyejali alizaliwa wapi wala alitamkaje jina lake. Emil Jannings, Mjerumani, ndiye aliyepewa tuzo ya kwanza kabisa ya Oscar ya mwigizaji bora wa kiume mwaka 1929. Lakini tangu 1927, ilipoonyeshwa filamu ya The Jazz Singer, sinema ilikuwa imeanza kusema. Kiingereza cha Jannings kilikuwa na Kijerumani kizito, na katika mwaka huo huo wa tuzo yake alirejea kwao. Ulimi ulimfungia mlango ambao uso ulikuwa umemfungulia.

Greta Garbo, Mswidi, alikabiliwa na hofu ile ile. Kampuni yake ilichelewa kumpa sehemu ya kusema, na ilipompa mwaka 1930, ikamchagulia Anna Christie, hadithi ya mwanamke mwenye asili ya Uswidi. Walichofanya ni kutafuta hadithi inayoikubali lafudhi yake badala ya kuificha. Watazamaji walimiminika kumsikia, na sauti yake nzito ikawa sehemu ya umaarufu wake. Mwalimu, hebu uitafakari tofauti iliyopo baina ya kisa cha Jannings na cha Garbo. Wote wawili walikuwa na lafudhi za kigeni. Mmoja aliandikiwa hadithi iliyomfaa, mwingine hakuandikiwa.

Kipindi hicho cha misukosuko kimefanyiwa mzaha mtamu katika Singin' in the Rain ya mwaka 1952, iliyoongozwa na Gene Kelly na Stanley Donen. Ndani yake mna nyota wa filamu bubu aitwaye Lina Lamont, ambaye sauti yake ni kikwaruzo kitupu, hata msichana mwingine, anayeigizwa na Debbie Reynolds, anafichwa ili aseme kwa niaba yake. Nimewacheka watu wengi kwa filamu hii kabla ya kujua siri yake. Mahali ambapo tunaaminishwa kwamba Reynolds anamsemea Lina kwa sauti nyororo, sauti inayosikika ni ya Jean Hagen, yule yule aliyeigiza Lina. Mwenye "sauti mbaya" ndiye aliyekuwa na sauti nzuri. Tulicheka tulipoambiwa tucheke.

Ukichunguza zaidi, utagundua kwamba ile lafudhi tuliyoidhani ya kiungwana, ya mabwana na mabibi wa filamu za miaka ya 1930 na 1940, ilikuwa kazi ya mikono. Cary Grant, ambaye dunia nzima ilimwona kielelezo cha ustaarabu, alizaliwa Bristol, Uingereza, mwaka 1904 kwa jina la Archibald Leach, na alifika Marekani mwaka 1920 na kikundi cha wanasarakasi. Matamshi yake hayakuwa ya Bristol wala ya Marekani. Aliyajenga mwenyewe mpaka yakawa ya Cary Grant peke yake. Claude Rains alizaliwa London katika umaskini, akiwa na lafudhi ya mitaani na kasoro ya matamshi, na mkuu wa jumba la maigizo alikofanya kazi tangu utotoni ndiye aliyemgharimia masomo ya usemaji. Baadaye alikuwa mwalimu wa waigizaji. Anayemtazama akiwa mkuu wa polisi mwenye ulimi wa asali katika Casablanca hawezi kuhisi hata kidogo alikotoka.

Na hiyo Casablanca yenyewe, ya mwaka 1942, ambayo wengi huihesabu miongoni mwa filamu bora kabisa za Marekani, ilikuwa na Wamarekani wa kuzaliwa watatu tu katika orodha ya waigizaji waliotajwa: Humphrey Bogart, Dooley Wilson na Joy Page. Wengine walikuwa wa kutoka Uswidi, Hungaria, Ujerumani, Uingereza na kwingineko, na baadhi yao walikuwa wameukimbia utawala wa Hitler. Toa lafudhi zao na filamu itabaki kama supu isiyo na chumvi. Wakimbizi walioigiza wakimbizi hawakuhitaji kunyoshwa ndimi.

Nilipofika hapo yule msichana alinyosha mkono, akauliza swali nililokuwa nikilingoja: "Hao wote ni wazungu, mwarimu. Je, mtu mweusi?"

Sidney Poitier alizaliwa Miami mwaka 1927, wazazi wake, wakulima wa nyanya, walipokuwa wamevuka kutoka Bahama kwenda kuuza mazao. Alilelewa katika kisiwa kidogo kiitwacho Cat Island. Alipofika New York akiwa kijana, alijaribu kujiunga na kikundi cha maigizo cha watu weusi kilichokuwa Harlem. Alisoma kwa kugugumia, kwa lafudhi nzito ya visiwani, na akafukuzwa, akaambiwa aende akaoshe vyombo. Kazi aliyokuwa akiifanya ilikuwa hasa ya kuosha vyombo, na jambo hilo lilimchoma. Alinunua redio, akawa anawaiga watangazaji kwa miezi kadhaa. Mhudumu mmoja mzee wa hotelini, Myahudi, alikaa naye usiku baada ya kazi akimfundisha kusoma magazeti. Aliporudi katika kikundi kile alipokewa, na ilibidi afanye usafi wa jengo ili apate mafunzo.

Mwaka 1964 Poitier alipokea tuzo ya Oscar kwa Lilies of the Field, akawa mtu mweusi wa kwanza kuipata kama mwigizaji bora wa kiume. Kabla yake, mwaka 1940, Hattie McDaniel alikuwa ameshinda tuzo ya mwigizaji msaidizi kwa Gone with the Wind, na usiku ule wa ushindi alikalishwa kwenye meza ya kando, mbali na waigizaji wenzake wa filamu hiyo. Walimu watamkumbuka Poitier zaidi kwa To Sir, with Love ya mwaka 1967, ambamo anaigiza mwalimu katika shule ya wenye shida jijini London. Filamu hiyo ingefaa kuonyeshwa katika kila chuo cha ualimu.

Isitoshe, deni letu kwake si la sinema tu. Mwaka 1959, Tom Mboya alipokuwa akitafuta nauli ya kuwapeleka vijana wa Kenya katika vyuo vya Marekani, Poitier alikuwa pamoja na Harry Belafonte na mchezaji besiboli Jackie Robinson katika kuwaomba Wamarekani wachange. Wanafunzi 81 walisafiri kwa ndege ya kwanza mwaka huo. Mwaka uliofuata alisafiri Wangari Maathai. Kwa hiyo yule kijana aliyeambiwa akaoshe vyombo kwa sababu ya ulimi wake alisaidia kutufungulia milango ya vyuo vikuu.

Hapo mwalimu mmoja, mwenzangu wa siku nyingi, aliinuka kunipinga, na pingamizi lake lilikuwa na uzito. "Daktari," alisema, "umetoa mfano unaokuangusha. Huyo Poitier aliibadili lafudhi yake. Alinyosha ulimi, ndipo akafaulu. Sisi tunafanya nini kingine hapa?" Kisha akaongeza la pili: kwamba filamu hizo kuukuu ni kasumba, na kwamba mtoto wa Githongo hana haja nazo.

Nianze na hilo la pili, kwa kuwa ananishinda nusu yake. Mwaka 1957, mwaka ule ule Dedan Kimathi aliponyongwa, Hollywood ilitoa Something of Value, hadithi ya Mau Mau iliyotokana na riwaya ya Robert Ruark. Rock Hudson ndiye mwana wa mlowezi, na Poitier ni rafiki yake Kimani. Hali ya Hatari ilikuwa bado inatawala. Kina Musa Mwariama wa huku Meru walikuwa misituni, na hadithi yao ilikuwa ikisimuliwa kwa jicho la mwenye shamba. Mwana wa Bahama, aliyeifuta lafudhi ya kisiwa chake ili akubalike, sasa alitakiwa atafute lafudhi ya Mkikuyu ambaye waandishi walimjua kwa mbali. Pamoja na hayo yote, mtazame Poitier usoni pale Kimani anapopigwa kofi na kuambiwa hawezi kuwa sawa na rafiki yake. Maandishi hayakumpa nafasi kubwa, lakini uso wake ulisema yaliyoachwa. Hiyo ndiyo sanaa ninayoizungumzia.

Filamu nyingi zilizopigwa kwetu ziliichukua ardhi na wanyama na kutuachia ukimya. Trader Horn ya mwaka 1931 ilimpa Mwafrika, Mutia Omoolu, sehemu kubwa ya Renchero, na hilo lilikuwa jambo la nadra. Picha zilizobaki za filamu hiyo ndizo zilizotumiwa tena kupamba Tarzan wa mwaka uliofuata. Mwaka 1953 John Ford alituletea Clark Gable, Ava Gardner na Grace Kelly katika Mogambo. Imekuwa ikisemwa kwamba neno hilo ni la Kiswahili na kwamba maana yake ni mapenzi makali. Nimefundisha Kiswahili kwa miaka mingi na sijakutana nalo. Hatari! ya mwaka 1962, iliyopigwa Tanganyika, angalau ilitumia neno halisi, na ndani yake Elsa Martinelli anabandikwa jina la Mama Tembo, ambalo ni Kiswahili safi. John Wayne husema Kimarekani chake, Hardy Krüger Kijerumani chake, Martinelli Kiitaliano chake, na hakuna anayemwambia mwingine anyoshe ulimi. Lafudhi zao ndizo ladha ya filamu. Wenyeji ndio waliokosa la kusema.

Hata hadithi iliyo karibu nasi zaidi, ya simba Elsa aliyerudishwa porini na kuzikwa mwaka 1961 katika eneo ambalo leo ni Mbuga ya Taifa ya Meru, ilifanywa filamu ya Born Free mwaka 1966. Ilipigwa Naro Moru, upande wa pili wa mlima wetu. Virginia McKenna na Bill Travers wanaigiza kwa upole unaogusa moyo, na Peter Lukoye anaigiza Nuru kwa utulivu. Nami huondoka nikiujua moyo wa simba kuliko ninavyoujua moyo wa Nuru.

Kwa hiyo namkubalia mwenzangu kwamba kasumba imo. Lakini dawa ya kasumba si kufumba macho. Mtoto aliyefunzwa kutazama atauliza: nani anasema hapa, na nani ananyamazishwa? Kwa lugha gani? Hayo ndiyo maswali tunayotaka ayaulize gazetini, bungeni na mbele ya simu yake.

Ama kuhusu Poitier kubadili lafudhi, sikulikwepa. Ni kweli aliibadili, na alilazimishwa na dunia ambayo haikuwa na haki. Lakini tazama alichofanyiwa kabla na baada. Yule aliyemfukuza hakumfundisha chochote. Aliyemfundisha ni mhudumu aliyekaa naye na gazeti bila kumcheka. Kumwongezea mwanafunzi sauti ya pili ni kazi ya mwalimu. Kumwaibisha kwa sababu ya sauti ya kwanza si kazi yake. Kimeru kina irabu saba na Kiswahili kina tano. Mtoto anayetoka nyumbani, ambako shule ni "cukuru", akafika darasani akajifunza mfumo mwingine, amefanya kazi kubwa ya akili. Chembe za mfumo wa kwanza zikisikika katika wa pili, huo ni ushahidi kwamba anazo lugha mbili. Wala tusijidanganye kwamba yule "anayesema kama watu wa redio" hana lafudhi. Anayo, ila ni ya watu ambao hatukuzoea kuwacheka.

Mtaala wa Umilisi umeipa sanaa ya maonyesho na filamu nafasi ambayo sisi hatukuwa nayo. Basi nawapendekezea walimu mambo matatu yasiyohitaji fedha nyingi. Kwanza, chagueni kipande cha dakika kumi cha filamu ya kale, mkionyeshe bila sauti, kisha wanafunzi waeleze wameelewa nini kutokana na uso na mwili. Pili, mkirudie kwa sauti, mhesabu nani amesema maneno mangapi. Tatu, wanafunzi wakitafsiri kipande hicho kwa Kiswahili na kwa Kimeru, wakiigize wenyewe, mtasikia maneno ya wahusika ambao mwandishi aliwasahau. Na kwenu nyinyi mnaotoa alama katika matamasha: pimeni iwapo mwigizaji anasikika, anaeleweka na anasadikika. Kijiji alikozaliwa hakina alama.

Kabla ya kuondoka niliomba tufanye zoezi moja. Yule msichana asome mazungumzo ya mjukuu, na mwenziwe wa sauti ya redio ayasome vile vile, nasi tufumbe macho. Mwenziwe alisoma vizuri sana. Kila neno lilikuwa mahali pake. Kisha akasoma mwandishi. Alianza kwa kutetemeka. Alipofika mahali ambapo mjukuu anaitazama mikono ya nyanya yake iliyopasuka kwa baridi na kumwambia hatarudi shuleni muhula huu, hapakuwa na kicheko. Nilisikia kiti kikisukumwa nyuma yangu. Nilipofumbua macho, yule mwalimu aliyenipinga alikuwa amesimama dirishani, ametupa mgongo, akiangalia mashamba ya chai.

Sehemu ya mjukuu alirudishiwa. Hawakushinda tuzo yoyote, na sioni haja ya kudai kwamba walionewa. Lakini msichana huyo sasa huinua mkono darasani, na jambo hilo mimi lilinichukua miaka miwili.